Masanduku Haya Yasifunguliwe: Risala ya Wanafunzi wa Besi, Magunga

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Marion Awuor wa Mfuko wa Sanaa; nyinyi mliofuatana naye; na nyinyi wazazi mliosimama juani kwa sababu viti vimetosha wageni peke yao:

Sisi wanakikundi tunakukaribisha Magunga. Vumbi la njiani utusamehe. Waliotuahidi lami wanajijua.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianzishwa na marehemu Rispa Anyango, mke wa Cephas Odira, ndiye huyu anayekusomea. Cephas hakusoma sana. Tumemchagua kwa kuwa mengine ya hapa ni ya nyumbani kwake.

Rispa alipiga besi kwenye harusi na matanga, kutoka Mbita hadi Migori. Barabara zilipomchosha, akakusanya watoto wa hapa, akawafundisha kwa gita lake moja, jepesi, nyuzi nne, shingo fupi. Kwetu besi hupigwa ukiwa umesimama, maana wachezaji hufuata mguu wa mpiga besi. Ukiketi, ngoma inalala.

Levis na Liz waliivia mikononi mwake. Leo wanapiga na bendi Homa Bay.

YALIYOTUPATA

Mwaka juzi ofisi yako ilituletea magita bila kutuuliza. Marefu, nyuzi tano, mazito kama mchi. Mkono wa Joyline, mwanafunzi wetu, haukufika mwisho wa shingo. Amplifaya nayo ilitaka jenereta, na sisi tuna sola ya kanisa tu. Rispa akamweleza Bwana Maxwell wa ofisi yako, huyo aliyeketi nyuma yako, kwamba anayeanza anataka kitu chepesi.

"Mama, gita ni gita," Bwana Maxwell akasema.

"Na ng'ombe ni ng'ombe," Rispa akamjibu. "Nenda basi ukamkamue dume."

Watu walicheka. Magita hayakubadilishwa.

Ndipo tukachomeka besi kwenye spika za kwaya. Spika ya kuhubiria haibebi besi. Ilipasuka Jumamosi, na Jumapili mchungaji akahubiri kwa koo lake. Tukafungiwa mlango. Jared, mwanafunzi mwenzetu, akaenda zake Osiri kuponda mawe ya dhahabu.

Rispa alipougua, ambulensi haikuwa na mafuta. Gita lake likauzwa ili gari likodiwe. Gari lilifika hospitali, Rispa hakufika. Cephas bado anauliza mafuta yale yalinywewa na nani.

OMBI

Masanduku yaliyoshushwa jana yana picha ubavuni. Ni magita yaleyale.

Mheshimiwa, tunakuomba usikate utepe. Yarudi na gari lililoyaleta.

Hatukukubaliana kirahisi. Kikaoni Nyangi, mweka hazina wetu, alisema, "Mzee, chukua tu. Hawa wakiondoka na vitu vyao, utawaona tena wapi?"

"Wakienda, waende," Cephas akasema. "Joyline akishindwa na gita hili, hatasema ofisi ilikosea. Atasema mkono wake ndio mbaya. Na ataacha."

Nyangi akainua mkono kukubali. Ndiyo sababu risala hii ni ya sisi sote.

Anayeanza apewe gita la nyuzi nne, shingo fupi, mkanda mpana usiokata bega, na spika ndogo ya besi inayotumia chaji. Nyuzi za akiba zije pamoja navyo, maana hapa haziuzwi. Anayekua, akishaacha kutazama vidole vyake, ndiye apewe gita refu. Amplifaya kubwa ingoje nguzo za stima zifike hapa. Na kabla hamjalipa dukani, mpelekeni Joyline alishike gita kwanza, akiwa amesimama.

Mungu akulinde njiani, akupe sikio la kusikia wadogo, na nyumba yako isikose wa kuimba ndani yake.

Sasa vijana watakuimbia wimbo wa kukukaribisha. Hauna besi. Usikubali kuambiwa ni mtindo mpya. Pale utakaposikia pengo, hapo ndipo Joyline angesimama.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Besi wa Rispa, Magunga.