Koti la Fotografe Amadi

Macho hayana pazia, na masikio vilevile, hasa katika basi la Ruashi. Mbele ya Laurentine, mzee mmoja mwenye sare ya reli alikuwa akitazama picha ya mwanawe. Mama aliyeketi naye, asiyemjua, alichungulia akacheka.

"Baba, angalia ile kifungo nyeupe kati ya nyeusi! Ni kazaku, ile koti ya fotografe Amadi. Kaka yangu naye aliivwala mu foto yake. Élisabethville yote mpaka Mokambo banaivwala. Ile foto iko uongo."

Mzee aliipangusa picha kana kwamba kicheko kimeichafua. "Uongo gani, mama? Kazaku ni ya Amadi, lakini macho ni ya mutoto wangu. Bafotografe bengine banapiga kazaku tu. Amadi anapiga muntu."

"Basi aandike nyuma: kazaku ya kuazima!"

Laurentine alifungua mkoba wake polepole. Picha ya Godefroid, mchumba wa Mokambo aliyetafutiwa na wazazi na ambaye alikuwa hajaonana naye bado, ilikuwa na kifungo kilekile cheupe. Mashoga zake wote walikwisha kulisifu koti hilo.

Basi lilisimama. Wawili wale walishuka wakibishana. Laurentine alibaki kitini, na kwa mara ya kwanza akamtazama Godefroid machoni.