Mama Marselina Kapinga na Kuta Zake

"Ukaguzi wa Dharura wa Mabadiliko Yasiyoidhinishwa ya Kuta za Ndani, Nyumba ya Idara Namba Saba, Mbinga": ukiacha kuajiriwa na kustaafu, hicho ndicho kichwa cha habari pekee ambacho jina la marehemu Marselina Kapinga liliwahi kuandikwa chini yake katika majalada ya Serikali, na kwa kuwa wengi wenu mliokaa hapa mmelisikia jambo hilo kwa namna ambazo kila mwaka zinazidi kunenepa, familia imeona ilitaje mwanzoni kabisa, ili anayelisubiri atulie na asikilize kwanza habari za kuzaliwa, maana hata Serikali haiwezi kumkagua mtu kabla hajazaliwa.

Marehemu alizaliwa Matiri tarehe 2 Februari 1941, binti wa tatu wa mzee Romanus Kapinga na mama Katarina, wakulima wa kahawa na mahindi, katika nyumba ambayo kila ilipokaribia Krismasi na Pasaka mama yake alitoa vitu vyote nje, mpaka kuku aliyekuwa akiatamia, akaipaka upya kwa udongo mweupe wa mtoni juu na udongo mwekundu chini, kama walivyofanya kina mama wote wa Matiri, na Marselina alipofikia umri wa kubeba ndoo aliuliza kwa nini nyekundu isikae juu, akajibiwa, "Kwa sababu inakaa chini," jibu ambalo hakulikubali siku ile wala baadaye, na ambalo alikuja kulisikia tena mara nyingi, kwa Kiswahili kizuri zaidi, katika ofisi mbalimbali.

Alianza darasa la kwanza hapohapo Matiri mwaka 1949, na mwaka 1953 akachaguliwa kuingia shule ya kati ya wasichana iliyoendeshwa na masista, ambako alijifunza kushona, kuoka mkate na kuimba Kilatini, na ambako alipewa adhabu ya kuteka maji wiki nzima kwa kuutia ukuta wa bweni rangi ya kahawia, kwa maji ya maganda ya kahawa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito. Sista mkuu alikasirika, lakini ukuta ukaachwa vile, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba sasa haukuonyesha uchafu, na mwaka uliofuata bweni la pili nalo likapakwa, safari hii kwa amri.

Baada ya mafunzo ya maarifa ya nyumbani, marehemu aliajiriwa tarehe 1 Julai 1961 kuwa Bibi Maendeleo, kituo chake cha kwanza kikiwa Kitura, akahamia Kitai mwaka 1964 na Mbinga mwaka 1970, akiwa na mwongozo kutoka makao makuu ulioagiza kwamba kila sebule iwe na kitambaa cha meza, picha mbili na ua, bila kueleza vitu hivyo vitatoka wapi. Marselina aliusoma mwongozo, akausifu, akauweka kabatini, kisha akawafundisha kina mama kwamba gunia la kahawa lililotoboka likifuliwa, likapigwa wanga wa muhogo na kuvutwa vizuri kwenye fito linakuwa dari, kwamba udongo mweupe ukichujwa kwa kitambaa na kuchanganywa na uji mwepesi wa muhogo na chumvi kidogo haumwachii mtu alama mgongoni, na kwamba gauni lililochoka mabegani bado lina pazia ndani yake. "Jamani, msisubiri duka," alikuwa akiwaambia, "duka litakuja likijisikia." Miaka ile, wenzangu mnakumbuka, lilikuwa halijisikii.

Huko Kitai ndiko alikokutana na Bwana Dunstan Nombo, Bwana Shamba, mwenyeji wa hapa Liuli, Mwanglikana, na kwa kuwa marehemu alikuwa Mkatoliki wa milimani, mazungumzo ya pande mbili yalichukua muda mrefu kuliko ya nchi kupata uhuru, mpaka ndoa ikafungwa Jumamosi tarehe 24 Septemba 1966, kwa ruhusa maalumu, mbele ya padri aliyetabasamu kidogo na kasisi aliyetabasamu kidogo zaidi. Mungu aliwajalia watoto wanne, Ildefonsi, Devotha, Jastin na Glorious, ambao wote wako hapa, na wote watawathibitishia kwamba walikua huku nusu ya viti ikiwa uani na chumba kimoja kikikauka.

Bwana Dunstan mwenyewe, aliye hai na anayetusikiliza, ametupa ruhusa tuseme kwamba mwaka 1974 alirudi kutoka safari ya kikazi, akafungua mlango, akakuta ukuta wa manjano, dari, na pazia ambalo asubuhi alipoondoka lilikuwa shuka, akasema, "Samahanini wenyewe," akatoka, akaufunga mlango taratibu, na akaanza kuelekea nyumba ya pili, mpaka mkewe alipomwita kupitia dirishani, "Baba Ildefonsi, unakwenda wapi na chakula kimeiva?" Tangu hapo kila akirudi safari alibisha hodi nyumbani kwake, kwa tahadhari.

Kisha duka likajisikia. Kuanzia mwaka 1986 bidhaa zilianza kurudi Mbinga, mitumba ikafika kwa marobota, na rangi za mafuta zikapangwa madirishani kwenye makopo yenye picha za nyumba ambazo hakuna mtu wa Mbinga aliyewahi kuziona, na wengi wakadhani sasa Mama Marselina amepata alichokuwa akikililia. Mitumba aliishangilia kweli, na kila Jumamosi alikuwa gulioni akikunjua magauni makubwa na kuyapima kwa macho, si kwa mwili wake, bali kwa madirisha. Ila alipoingia duka lenye rangi hizo, muuza duka akamwonyesha kopo na kumhakikishia, "Hii mama, ukipaka leo, miaka kumi iko vilevile," naye akamtazama yule kijana kwa huruma, akasema, "Miaka kumi nitazame kitu kimoja, mwanangu? Nipe chumvi."

Sasa tumefika kwenye ukaguzi. Mwaka 1992 Serikali ilikuwa inapunguza watumishi, nyumba za idara zikawa zinaorodheshwa, na mgeni mmoja kutoka mkoani, akipita barabarani, akaona kupitia dirisha la Nyumba Namba Saba ukuta wenye rangi ya ndani ya papai. Ikaundwa kamati. Hoja yake ilikuwa kwamba mpangaji ameharibu mali ya umma, kwa hiyo airudishe nyumba katika hali yake ya awali au aondoke, na kwa familia ambayo nyumba yake ya kujenga hapa Liuli ilikuwa bado kuta tupu zinazoota nyasi, na masika yakiwa mbele, hilo halikuwa jambo la kuchekesha kama tunavyolifanya leo.

Kamati iliwasili Jumanne tarehe 17 Novemba 1992, ikiongozwa na Bwana Tobias, mwenyekiti, aliyevaa suti, akifuatana na katibu wake na fundi wa idara aitwaye Tadei, aliyevaa kama mtu anayejua anakwenda kufanya nini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, karibuni. Mtakunywa chai kabla ya kunifukuza au baada?"

"Ah, mama, hatujafika huko. Tumekuja tu kuangalia hali ya awali."

"Iangalieni, wanangu. Mimi nimekaa humu tangu mwaka sabini sijawahi kuiona, mkiipata mniite."

Ikaamuliwa kwamba ukuta ukwanguliwe mpaka rangi ya Serikali itokee. Tadei akaanza kukwangua kando ya mlango, na chini ya rangi ya papai ikatokea nyeupe, chini ya nyeupe ikatokea kijivu cha majivu, na Marselina, aliyekuwa amekaa anachambua mchele, akawa anawasomesha bila kuinua kichwa: hiyo ya kijivu Jastin alikuwa na surua, hiyo ya kahawia ni Krismasi ya vita ya Kagera, hapo kwenye nyekundu taratibu, fundi, hiyo niliipenda. Mwenyekiti alisogea karibu zaidi na zaidi, mpaka pua yake ikawa na vumbi la miaka mingi, na mwishowe kwanguo likatoa sauti nyingine.

"Mbona umesimama?" mwenyekiti akauliza.

"Nimefika, mzee."

"Ya Serikali iko wapi?"

"Mzee," akasema Tadei, "Serikali ni hili tofali."

Ikabainika kwamba nyumba ile ilikabidhiwa bila rangi, na kwamba rangi zote zilizowahi kukaa ukutani mle alizipaka mama huyuhuyu anayechambua mchele. Kamati ikanywa chai. Katibu akauliza kama waandike tofali lirudishwe, mwenyekiti akamwambia asiwe mtoto, na baada ya kikombe cha pili wakaafikiana kuandika kwamba kamati imejiridhisha na hali ya kuta, kwamba hali iliyokutwa siku ya ukaguzi ndiyo itakayohesabika kuwa hali ya awali, na kwamba kuanzia tarehe ile mpangaji asiibadilishe bila kibali cha maandishi.

Majirani walikuja kumpongeza. Walimkuta uani, ameketi kwenye moja ya viti vyake, mnyonge kuliko walivyowahi kumwona.

"Lakini umeshinda, Mama Ildefonsi! Hawakufukuzi!"

"Nimeshinda nini? Krismasi hiyo inakuja, na mimi nimekatazwa kugusa ukuta."

Aliomba kibali cha kupaka, akajibiwa kwamba maombi yake yanashughulikiwa. Krismasi ile, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, nyumba yake ilibaki kama ilivyokuwa, ikiwa na mkwaruzo mrefu kando ya mlango ambao nao sasa ulikuwa hali ya awali inayolindwa, na baada ya misa alimwambia mumewe maneno ambayo ndiyo yaliyotuleta sote hapa tulipo: "Baba Ildefonsi, mimi nataka kufa kwenye nyumba ambayo vyumba vyake vyote nimevitengeneza mimi, na asiwepo mtu wa kuniambia acha hivyohivyo. Twende tukamalize kwetu."

Bwana Dunstan alipunguzwa kazini Juni 1993, yeye marehemu alikuwa amestaafu, na tarehe 5 Machi 1994 lori lililobeba vitanda, viti na magunia matano ya udongo mweupe wa Matiri liliteremka mpaka Liuli, ambako mabati yalikuwa yamepigwa lakini ndani kulikuwa na vyumba sita vya tofali tupu. Alianza kimoja kimoja. Udongo wa milimani ulikataa upepo wa ziwani, ukapasuka kama ngozi ya mguu, na ni wifi yake, Winifrida, aliyemwambia, "Wifi, huku kwetu ukuta bila udongo wa kichuguu unajisumbua," wakabishana, wakajaribu, wakapata mchanganyiko, na kila mmoja akawa anasema ni wake, Winifrida mpaka leo. Nyavu chakavu za kuvulia usipa, dagaa wa ziwa letu, alizichemsha kwenye maganda ya kahawa zikawa mapazia. Dari la chumba cha wageni alilitengeneza kwa magunia ya wanunuzi binafsi wa kahawa, waliokuwa wamejaa Mbinga baada ya soko kufunguliwa, hivi kwamba mgeni akilala chali anasoma majina ya makampuni, mengine yakiwa yamekwisha kuondoka kabla dari halijakauka.

Vyumba vitano vilikuwa tayari alipoanza kuvimba miguu, mwezi Agosti 1997. Katika hospitali ya misheni aliambiwa kwamba ni moyo, akapewa dawa, akakatazwa kubeba, kupanda na kuinama, naye akauliza kama kuna lililobaki. Alitii kwa namna yake. Kuta tatu za sebule hii zilipakwa kwa muda wa mwaka mzima na zaidi, kidogo kidogo, yeye akiwa amekalia kigoda anapaka sehemu ya chini, na wanawe waliokuja likizo wakipaka ya juu na kukosolewa.

"Wifi, daktari alisema upumzike," Winifrida akamwambia.

"Si nimekaa?"

"Umekaa na brashi."

"Basi ndiyo, brashi inafanya kazi, mimi nimekaa."

Ildefonsi alijitolea kuleta fundi kutoka Mbamba Bay amalizie ukuta wa nne kwa siku moja, mama yake akamshukuru, akamwombea baraka, na akamwambia fundi huyo akija atapewa usipa na kurudishwa. Alilazwa mara mbili, Oktoba 1998 na Januari mwaka huu, na mara zote mbili swali lake la kwanza alipofungua macho lilikuwa kama kuna mtu ameugusa ule ukuta. Marehemu alifariki dunia hapa nyumbani Jumanne tarehe 9 Machi 1999, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, ameacha mume, watoto wanne na wajukuu saba.

Familia inawashukuru kwa moyo wote waganga na wauguzi wa hospitali ya misheni, waliomhudumia bila kuchoka na kujibu maswali yake kuhusu kuta za wodi, majirani wa Liuli kwa maji, kuni na turubai, ndugu wa Matiri waliosafiri kutoka milimani, mabibi maendeleo wastaafu waliokuja na kitambaa chao, padri na kasisi, ambao leo wametabasamu sawasawa, na Bwana Tobias, aliyetoka Songea kwa basi akiwa mzee sasa, na ambaye ameomba jina lake lisomwe bila cheo. Mama yetu, tunakuaga kwa amani, na tunakuomba upumzike, kazi ambayo ulikuwa huijui, tunaamini utajifunza.

Kabla hatujainuka kwenda makaburini, familia ina jambo moja la kusahihisha. Kibali cha mazishi kimeandikwa "moyo kushindwa kufanya kazi," nasi hatuna ugomvi na kibali, lakini pia kuna wanaosema kwamba alifia kazini, na wengine kwamba tulimwachia afanye kazi akiwa mgonjwa. Kilichotokea ni hiki: Jumanne, kama saa tisa alasiri, Marselina alimaliza ukuta wa nne, akanawa mikono, akakaa kuutazama, akafa.