Chupa ya Mama Alungat

Kijiwe chetu kiko Busia upande wa Uganda, hatua chache kutoka geti la mpaka, kwenye benchi la Ajambo muuza kahawa. Jana asubuhi Odeke, mchimba dhahabu wa Tiira, alikuja na furaha ambayo hatukuwa tumeiona tangu mama yake, Alungat, aanze kuugua saratani. Akatoa mfukoni chupa ya mofini, dawa ya kutuliza maumivu, ya maji ya kijani, akatuonyesha. Niseme ukweli, nilifurahi hadi nikasahau kufikiri.

— Mama alilala usiku yote, Odeke akasema. Miezi tatu alikuwa nalia tu. Nasema asante kwa Mungu, kwa nesi, na kwa nyinyi mulimubeba hosipitali.

— Pole pole, buda, akasema Chrispinus, muuza mitumba wa upande wa Kenya tunayemwita Mkemia kwa sababu hakusoma kemia. Hiyo ni ndugu ya heroini. Wiki ijayo mathe atakuwa teja.

— Nesi alisema hapana, hatakuwa teja. Nampa kwa kipimo, kila baada ya masaa ine.

— Nesi atakwambia aje? Hiyo rangi ya kijani ndiyo inavuta damu. Ukikunywa mwezi mmoja, hata jasho linageuka kijani.

Fidel wa boda akaweka kikombe chini.

— Mkemia, teja nilikuwa mimi. Kisumu walinipa methadoni ya kuniachisha heroini, nikawa nakunywa kila siku mbele ya nesi. Bila hiyo dawa, leo hungekuwa unanibishia, ungekuwa unanisimulia.

— Na methadoni inatengenezwa kwa mafuta ya ndege. Ndiyo maana unaendesha hivyo.

Hata Fidel alicheka. Chupa ikazunguka benchi zima, kila mmoja akiiinua juani. Mimi niliinusa.

Mwanamke mmoja mgeni, aliyetua beseni lake la nyanya ili anywe kahawa, akauliza taratibu:

— Kama chupa iko hapa, huyo mama sasa hivi anakunywa nini?

Redio ya Ajambo ilikuwa imeshasoma habari za saa nne, na saa nne ndiyo ilikuwa saa ya kipimo cha mama.

— Nilitaka tu muone, Odeke akasema, akiirudisha chupa mfukoni.

Fidel alikuwa ameshawasha pikipiki. Ajambo akajaza chupa ya chai kahawa yote iliyobaki, akampa Odeke.

— Peleka kwa mama. Siku ingine dawa ikae nyumbani, sisi ndio tutakuja.

Wawili hao wakaondoka. Mkemia alibaki na kikombe kitupu na hakudai kingine. Tulisubiri, kila mtu na aibu yake, hadi Fidel aliporudi saa sita.

— Tulimkuta amekunja uso. Amekunywa dawa, ametulia. Sasa anauliza ni nani alisahau sukari kwenye kahawa.

Ajambo akafunika uso kwa leso, akacheka huku analia.