Mzee Masalu Maige, Mpasua Mbao wa Runzewe (1949–2025)

"Guku, mbona msumeno wako unaning'inia tu, haukati tena?" Mimi Noela, mjukuu wake, nilimuuliza babu hivyo mwaka 2017, nikiwa na miaka minane. Akanituma nikamwangalizie kuku.

Marehemu Mzee Masalu Maige alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, nje kidogo ya Runzewe. Alisoma hadi darasa la nne, akatolewa akachunge ng'ombe.

Mwaka 1968 alijifunza kupasua mbao kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine shimoni chini yake. Wa shimoni alikuwa Mzee Thobias, tuliye naye hapa. Mstari waliupiga kwa uzi uliochovywa kwenye unga mweusi wa betri, na haukupinda. Mzee Thobias hakuacha kulalamika: "Wewe Masalu uko huko juu unapunga upepo, mimi huku nakula vumbi!" Babu alimjibu: "Kula ushibe, jioni usiniombe ugali." Walidumu hivyo miaka arobaini na mitano.

Mwaka 1975 alimwoa bibi yetu, Paskalia, kwa ng'ombe kumi na wawili. Walijaliwa watoto watatu. Mkubwa, Januari, ndiye baba yangu. Alichimba dhahabu Nyarugusu, na babu ndiye aliyempasulia matimba, yaani mbao nene za kuzuia kuta za duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Tarehe 6 Agosti 2013 duara liliporomoka. Baba alitolewa siku ya tatu. Tangu hapo babu hakushika tena msumeno.

Presha ilimwanza mwaka 2021, na Novemba mwaka jana akapooza upande wa kulia. Hospitali walisema mazoezi yatasaidia. Hayakusaidia. Alifariki nyumbani tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto wawili, Eufrasia na Davis, na wajukuu tisa. Tunamwombea pumziko, maana hapa duniani sidhani kama alilipata.

Wiki mbili kabla hajafa, nikiwa namlisha uji, alinijibu lile swali. Bibi ameniruhusu nilisome jibu lake:

"Miti ilikuwa mibichi. Nilijua itakauka, itasinyaa, itaachia udongo. Nikamwambia baba yako asubiri miezi mitatu. Akasema, 'Baba, wenzangu wananingoja.' Nikampasulia."