Anti Cissy, Nyota wa Filamu Zisizosema

Baada ya miaka kumi na tisa ya kusafisha majengo ya Dubai na kuchekesha mabasi mazima ya wafanyakazi, Bi. Cissy Namukasa anastaafu tarehe 30 Juni. Wenzake wameniomba niandike wasifu huu kwa sababu Baba, msimamizi Clifford, huwaambia kwamba ninaandika Kiswahili safi. Nitajitahidi.

Anti Cissy alitoka Masaka kuja kufuta vioo. Wafanyakazi wa kampuni wanatoka nchi nyingi, na mafunzo ya usalama ya Kiingereza yalikuwa yakiwalaza usingizi. Mkubwa mmoja akaamua zitengenezwe filamu fupi zisizo na neno hata moja, zionyeshwe kwenye basi la asubuhi kutoka mabweni ya wafanyakazi huko Muhaisnah. Akatafuta mtu wa kuanguka kutoka kwenye ngazi. Anti Cissy alianguka vizuri mno hata kazi ikawa yake kila mwaka. Ameteleza kwenye sabuni, amebanwa na lifti, amehangaika na ndoo iliyogoma kumtoka mguuni. Hadi leo, akipanda ngazi yoyote, watu hukimbia kuishika.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa filamu ya joto. Kila kiangazi watu hupata kizunguzungu na kukificha, wasionekane wadhaifu. Anti alizirai mbele ya kamera kwa huzuni zote. Basi zima likaangua kicheko. Akarudia, wakacheka zaidi.

"Sura yangu haijui kulia, Clifford," alimwambia Baba. "Basi wacheke, lakini wakae chini."

Akaigiza upya. Sasa alikuwa malkia: kichwa kinamzunguka, anaketi kivulini kwa maringo, anainua mkono, analetewa maji. Wiki hiyo wanaume wenye ndevu waliketi kimalkia kila mahali.

Baba hakuketi. Alisema msimamizi hakai. Lakini Julai iliyopita, juu ya paa huko Deira, macho yake yakaingia giza. Aliona haya, kisha akamkumbuka Anti, akaketi, akainua mkono.

"Yalla, haraka, malkia wetu anataka maji," vijana wakacheka, huku wakimkimbilia na barafu. Daktari alisema angechelewa kidogo tu, tungempoteza.

Anti Cissy, wenzako wanakushukuru kwa kazi. Mimi nakushukuru kwa Baba. Uishi kwa raha huko Masaka, na wajukuu wachoke kwa kucheka kabla wewe hujachoka.