Moto wa Kiinimacho Pangoni

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Kinyozi. Jioni, kazi zikishatumaliza, tunakunywa kahawa na kucheza mchezo wa mashujaa wa kubuni: Kinyozi anasimulia, sisi tunarusha dadu. Sheria yetu ni moja, shujaa akifa hafufuki, hata mpige magoti. Mimi mshonaji namchezea Ndevu, shujaa wa marehemu kaka yangu. Tangu tumzike kaka, Ndevu ndiye aliyebaki. Jioni ile alikuwa pangoni, giza totoro, zimwi linamnusa. Mchawi anayechezwa na Fundi Umeme kamwashia moto wa kiinimacho, na hapo ubishi ukaanza. Mimi nilikuwa hoi, sina hata nguvu ya kukasirika.

— Hauangazi, alisema Kinyozi. Ni picha tu. Ndevu anapigana kipofu.

— Acha hizo! Fundi Umeme akaruka. Ukiuona moto, mwanga umefika machoni. Ukifika machoni, na ukutani umefika.

— Umeme gani huo usio na waya?

— Mchawi ndiye waya!

Dereva wa Lori, aliyekuwa anasinzia, akafumbua jicho moja.

— Taa ya lori iliyochorwa kwenye bango, umewahi kusafiria?

— Hii iko kichwani mwa mtu, bwana.

— Basi Ndevu afumbe macho. Akizidi kuuona, ni wa kichwani.

— Afumbe macho mbele ya zimwi? nikasema. Si ndio kaliwa?

— Na zimwi likikosa kivuli chake ukutani, litajua linadanganywa, akaongeza Kinyozi.

— Basi mchawi awashe jua zima, Fundi akasema. Tuanike na nguo humo humo.

— Zitakauka? Dereva akauliza.

— Kwa anayeamini, zitakauka.

— Utavaa mbichi wewe!

Birika likaisha. Kinyozi akanisukumia dadu, kachoka na maneno.

— Rusha, mshonaji. Gizani. Ikitoka chini ya nne, kaliwa.

Niliifumbata dadu kiganjani, sikuirusha.

Kumbe shemeji, mjane wa kaka, alikuwa amefuata gauni lake, kasimama nyuma yangu anasikiliza.

— Huyo Ndevu si wa mume wangu?

— Ndiye, shemeji.

— Na hilo pango mmelitunga wenyewe?

— Wenyewe, akasema Kinyozi.

— Sasa mbona mnashindwa kumwachia mwanga?

Fundi akatazama viatu vyake. Dereva akajifanya amelala tena.

— Shemeji, Kinyozi akaanza, sheria yetu ni kwamba…

Hakumaliza, na mimi nilishaanza kulia.