Bi Mwatum binti Khatib na Milango ya Mtambile

Sote ni wa Mungu, na kwake marehemu wetu ametangulia.

Bi Mwatum binti Khatib Silima alizaliwa Mtambile mwezi wa Rajabu, mwaka 1911. Alisomeshwa Kurani na Bi Siti binti Nyange, akahitimu akiwa na miaka kumi na mitatu. Skuli ya serikali hakuisoma. Kazi yake ilikuwa kilimo, kuchuma karafuu na kuzalisha wanawake wenzake.

Mwaka 1929 aliolewa na Mzee Mmanga Juma. Walijaaliwa watoto watano. Wawili waliondoka wadogo kwa homa. Marehemu hakupenda kulizungumza jambo hilo.

Mwaka 1959 walipofika wapiga dawa ya mbu, nyumba nyingi hazikuwafungulia. Waume wako shamba, nani atawaingiza wanaume wageni chumbani? Bi Mwatum akafungua yake kwanza. Kuku wake wakala mende waliouawa na dawa, wakafa, na mtaa mzima ukamcheka. Yeye naye akacheka. Kila nyumba aliyoingia baada ya hapo na wapiga dawa alianza na, "Fungeni kuku kwanza, kisha mseme mengine." Akawa anatoa vyombo pamoja na wenyewe, na kusimama chumbani hadi dawa imalizike.

Ilibaki nyumba ya jirani yake, Bi Bimkubwa. Siasa ilikuwa imeingia, na watu wa vyama viwili hawaamkiani wala hawazikani. Marehemu akapiga hodi.

"Mumeo na mume wangu hawasemezani," alijibiwa kwa ndani. "Wataka nini?"

"Mbu wako na wangu wasemezana kila siku. Nimekuja kukutolea vyombo."

Kisha mlango ukafunguliwa, na wanawake wawili wale wakakibeba kitanda wakakitoa nje. Masika iliyofuata, watoto waliougua homa mtaani walikuwa wachache, na marehemu alimshukuru Mungu hadharani.

Aprili mwaka huu alianza kuugua moyo, miguu ikavimba. Alilazwa hospitali ya Chake Chake, kisha akaomba arudi kwake. Bi Bimkubwa alikuja kila asubuhi kumkanda. Siku moja mume wa Bi Bimkubwa naye alikuja kumkagua mgonjwa, na Mzee Mmanga akamtandikia mkeka. Marehemu aliwatazama. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 14 Juni, 1963, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala. Waliolibeba jeneza walikuwa watu wa pande zote.

Ameacha mume, watoto watatu, Safari, Tatu na Jaribu, wajukuu saba, na ndugu yake Abrahman, anayewasomea haya.

Wapiga dawa watarudi mwezi ujao, na uchaguzi nao ni mwezi huo huo. Familia inawaomba jambo moja tu: wafungulieni.

Mola ampanulie kaburi lake, ampumzishe kwa amani. Amin.